Zamu ya Alhamisi, Ukurasa wa 214

Maandishi pekee yanayoonyesha kwamba shangazi yangu ana haki ya maji siku ya Alhamisi yamo katika riwaya ya Mmarekani mmoja, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, aya ya tatu. Hayana muhuri wala sahihi ya mwenyekiti wa kijiji. Nimeisoma aya hiyo mbele ya kamati ya maji mara tatu. Mara ya tatu niliisoma nimesimama, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alisema shahidi hakai.

Inabidi nirudi nyuma.

Shangazi anaishi Gonja, juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara ya magari. Analima tangawizi, na tangawizi haivumilii kiu. Maji ya kitongoji chake yanatoka kwenye ndiva, bwawa dogo ambalo mababu walilichimba chini ya chemchemi. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi, na maji yanashuka kwa mfereji hadi kwa mwenye zamu ya siku hiyo. Kwa miaka mingi zamu zote zilikaa kichwani mwa mzee mmoja aliyesimamia ndiva. Hakuna aliyeona haja ya kuziandika, kwa kuwa mzee hakuwahi kukosea. Kisha akafariki. Ikaundwa kamati, na kamati ikatafuta daftari.

Katika daftari hilo, Alhamisi iliandikwa kwa jirani. Shangazi alipewa nusu ya Jumatatu, ambayo inatosha shamba la juu peke yake. Shamba la chini, lenye tangawizi nyingi zaidi, likabaki kutegemea mvua.

Mambo ambayo hayabishaniwi ni haya. Zamani ndiva ilikuwa ndogo. Siku moja ikapigwa pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, watu wote wakatoka na majembe na mawe, ndiva ikapanuliwa. Upande mmoja iliingia kwenye migomba ya mume wa shangazi, ambaye sasa ni marehemu. Kona hiyo inaonekana hadi leo. Shangazi anasema wazee walimlipa mumewe kwa kumpa maji ya Alhamisi, yeye na uzao wake. Jirani anasema wazee walimlipa kwa kumshukuru, na kwamba Alhamisi ilikuwa ya baba yake tangu mwanzo. Ni kweli kwamba shangazi aliitumia Alhamisi kwa miaka mingi. Ni kweli pia kwamba mumewe alipofariki alipunguza kilimo, na jirani akaitumia miaka mingi vilevile. Kila mmoja anasema alimwazima mwenzake. Wazee waliokuwepo siku ile wote wamekwisha zikwa.

Mimi niliandika habari za magazeti Dar es Salaam kwa muda mrefu, sasa nimerudi Same mjini. Shangazi aliponipigia simu nilipanda kumwona. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza kama kuna karatasi yoyote ya zamani, hata kipande. Akaingia ndani akatoka na kila kitu kilichokuwa kabatini: vyeti vya ubatizo, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, na kitabu kinene kilichofunikwa kwa karatasi ya kalenda kama daftari la shule.

"Hiki nini, shangazi?"

"Cha mgeni wetu, baba. Yule Mmarekani."

Habari za yule Mmarekani nilizisikia tangu utotoni. Alikuja kijana, akafundisha Kiingereza na hesabu katika sekondari ya huko juu, akapanga chumba cha uani kwa shangazi miaka miwili. Alikula makande bila kulalamika. Alibeba mawe kwenye msaragambo ule wa kupanua ndiva mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hilo ndilo watu wanalomkumbukia. Shangazi anakumbuka jingine.

"Alikuwa anauliza kama karani wa sensa. Unamjibu, anaandika. Unanyamaza, anaandika."

Alirudi kwao. Miaka ikapita, kikaja kifurushi chenye kitabu na sahihi yake. Kikawekwa kabatini. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kukisoma. Kilikuwa kitabu cha mgeni, na kitabu cha mgeni kinatunzwa. Nilikifungua nikiwa nimekaa kwenye benchi la uani. Ilikuwa alasiri nilipofika ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Nikamwita shangazi, nikamtafsiria. Aliacha kuchambua maharage.

"Basi kumbe aliandika," akasema. "Nilijua yale maandishi yote yatafaa siku moja."

Kabla ya kupeleka ushahidi popote, nilifanya kazi niliyoizoea: nilimtafuta mtu mwenyewe mtandaoni. Ni mtoto wa fundi wa mabasi, wa mji wa baridi. Baada ya kutoka kwetu hakusafiri tena nje ya nchi yake. Riwaya yake ya kwanza, hii ya mlima wetu, ndiyo iliyompa jina. Zilizofuata zinahusu wanaume walioachwa na wake zao, wamekaa jikoni wakifikiri. Wahakiki waliziheshimu. Sikuona aliyezipenda.

Sifa yake imepita katika vipindi vitatu, na nitavieleza kwa sababu vilikuja kumgusa shangazi. Kwanza walimsifu, ila baadhi wakasema huyu ni mwandishi wa habari mzuri tu, amenakili alichokiona, hana ubunifu. Hilo lilimuuma. Akaanza kuwaambia waliomhoji kwamba kila kitu alikibuni mwenyewe: bwawa, zamu, pembe, watu. Wakamwamini. Hapo sifa zikapanda. Mmoja akaandika kwamba bwawa lile ni kumbukumbu ya binadamu. Mwingine akasema ni mama. Kisha wakaja wasomi vijana, wakamkamata kwa maneno yake mwenyewe: kwamba amewatungia watu wa milimani sheria ya maji isiyokuwepo duniani, kwa raha yake. Rafiki zake wakamtetea, wakasema mwandishi wa riwaya ana haki ya kubuni. Katika mabishano yote hayo sikuona mahali ambapo mtu yeyote alipanda gari mpaka Gonja kuangalia kama bwawa lipo.

Lipo. Makala hizo nyingi nilizisoma kwenye simu nikiwa nimekaa ukingoni mwake, kwa sababu pale ndipo mtandao unaposhika.

Kamati ilikutana katika ofisi ya kitongoji. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu ambaye alifundishwa aljebra na Mmarekani huyo, na alilitangaza jambo hilo mapema ili lisije likasemwa nyuma yake. Katibu alikuwa binti mwenye mwandiko mzuri. Shangazi alikaa upande mmoja wa meza, jirani upande wa pili. Nilisoma, nikatafsiri sentensi baada ya sentensi: mtu mmoja anatoa kona ya migomba yake, wazee wanakaa, wanampa maji ya Alhamisi yeye na watakaozaliwa kwake.

Nikafunga kitabu.

"Endelea," mwenyekiti akasema.

"Kinachotuhusu kimeishia hapo, Mwalimu."

"Endelea. Ushahidi haukatwi kama nyama choma."

Nikafungua tena. Sentensi iliyofuata ilisema kwamba mtu huyo alikuwa na jicho moja.

Jirani akanyoosha mkono. "Naomba kuuliza. Marehemu alikuwa na macho mangapi?"

"Mawili," shangazi akajibu. "Na yote mawili yalikuona ukiiba miwa yetu."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Miwa ilijua kuwa wewe ni mtoto?"

"Mama, mimi sikukosei heshima. Nauliza tu. Kama jicho ni uongo, Alhamisi itakuwaje kweli?"

Binti katibu aliandika swali hilo neno kwa neno. Lilikuwa swali zuri. Nimewahi kusoma makala ndefu za maprofesa ambazo hazikulifikia.

Mwenyekiti akauliza huyo mtu wa kitabuni anaishia wapi. Nikasema anazama kwenye ndiva. Ofisi nzima ikatazamana, maana ndiva ikijaa kabisa maji yanamfika mtu mzima kifuani.

"Anazamaje?"

"Kwa huzuni, Mwalimu."

"Andika," mwenyekiti akamwambia katibu. "Kwa huzuni."

Tulipotoka shangazi alitembea mpaka kwenye mfereji. Pale akasimama.

"Amekula kwangu miaka miwili," akasema. "Mume wangu ndiye aliyemfundisha kupalilia. Jicho la nini?"

Nilimweleza kwamba waandishi wa riwaya huwa wanabadilisha mtu kidogo ili asitambulike.

"Asitambulike na nani? Huko kwao nani alikuwa anamjua?"



Katika kikao cha pili jirani alikuja na karatasi zilizochapwa Same mjini. Binti yake anasoma chuo kikuu, na amemtumia makala ya msomi mmoja. Jirani hasomi Kiingereza, kwa hiyo ilibidi niitafsiri mimi, dhidi ya shangazi yangu mwenyewe, naye ananitazama. Makala ilisema kwamba utaratibu wote wa maji katika riwaya ile ni njozi ya mwandishi, na kwamba hakuna jamii yoyote iliyowahi kuishi hivyo.

 Wajumbe wote wa kamati hufungua maji ya ndiva hiyohiyo kwa zamu, kila mmoja siku yake.

"Huyu msomi," mwenyekiti akasema, "alishawahi kufika hapa?"

"Makala haisemi."

"Anasema ndiva haipo?"

"Anasema imebuniwa."

Mwenyekiti akamgeukia jirani. "Sasa wewe unataka tuipokee hii? Tukiipokea, ndiva haipo. Alhamisi yako utaipata wapi?"

Jirani alikunja karatasi zake taratibu. Hata hivyo hakukubali kushindwa, na kwa haki hakuwa ameshindwa. Alisema mwandishi mwenyewe amekiri kwenye mahojiano kwamba alibuni, na mtu akikiri, amekiri. Mwenyekiti akasema kwa hapo ana hoja. Ikaamuliwa nimwandikie mwandishi.

Nilimwandikia kupitia kwa mchapishaji wake. Nilimpa salamu za shangazi, nikaeleza habari ya tangawizi, nikauliza swali moja: je, kuhusu Alhamisi uliambiwa, au ulitunga? Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa, ukurasa mmoja. Niliyasoma kwenye kikao cha tatu, kile cha kusimama, baada ya kuisoma tena aya ile kama katika kila kikao.

Aliandika kwamba anamkumbuka shangazi, na makande, na ukungu unaoingia mpaka chumbani. Anakumbuka meza aliyoandikia habari ya Alhamisi, uani, asubuhi. Asichokumbuka ni kama siku hiyo alikuwa ameshasikia uamuzi wa wazee au aliuwaza tu ukamtosha. Aliwaambia watu kwa miaka mingi kwamba ametunga kila kitu, kwa sababu walisema hawezi kutunga, na sasa hajui tena mpaka wa kweli na kubuni uko wapi. Kuhusu jicho aliomba radhi. Alisema lilimjia tu.

Kisha akaongeza jambo ambalo lilimfanya mwenyekiti avue miwani. Kuna madaftari. Kila alichokiona na kukisikia Gonja alikiandika jioni ya siku hiyohiyo, na tarehe. Madaftari hayo aliyatoa kwa maktaba ya chuo kikuu kimoja cha kwao, kwenye masanduku, kwa makubaliano kwamba hayatafunguliwa mpaka atakapofariki.

"Kwa hiyo jibu lipo," mwenyekiti akasema.

"Lipo, Mwalimu."

"Limefungiwa."

"Ndiyo."

Kamati ikaamua kwamba haiwezi kuhukumu wakati ushahidi upo na haujaonekana. Mpaka masanduku yafunguliwe, Alhamisi haina mwenyewe. Jirani akapewa nusu nyingine ya Jumatatu ili asiseme ameonewa. Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi ndiva inafunguliwa kama kawaida, kwa kuwa ikiachwa itavunja kingo, na maji yanapita pembeni mwa shamba la shangazi na pembeni mwa shamba la jirani, yanaingia mtoni, yanashuka mpaka tambarare ya Ndungu kwenye mashamba ya mpunga. Wakulima wa huko hawajauliza yanatoka wapi.

Shangazi aliuliza swali moja tu.

"Ana miaka mingapi sasa?"

Nilimwambia. Ni mdogo kwake kwa miaka mitatu.

Alifikiri. Akauliza kama anaishi na nani, kama anakula vizuri, kama huko kwao bado kuna baridi. Siku hizi kila nikipanda ananiuliza, "Mgeni wetu hajambo?" nami namwambia sijasikia vingine. Jumapili humtaja kwenye maombi, kwa sauti, baada ya wagonjwa wa hospitali. Sijamuuliza anamwombea nini.

Nilimwandikia tena mwandishi, nikamwomba aruhusu daftari moja tu lifunguliwe, la mwaka wa msaragambo. Alijibu kwamba kwake yeye hakuna shida, ila sasa uamuzi ni wa maktaba, kwa kuwa alishasaini. Nikaiandikia maktaba. Wiki iliyopita walijibu kwamba ombi limepokelewa na litafikishwa panapohusika. Hawakusema lini. Leo ni Jumatano. Majani ya tangawizi ya shamba la chini yameanza kujikunja kwenye ncha.