Ushuru wa Vigae

Nyumba tuliyonunua Kisumu ilikuwa katika safu ya nyumba za zamani zilizoshikana kuta, na muuzaji alikuwa ameivisha nguo mpya: vigae sakafuni, madirisha ya alumini, makabati meupe jikoni. Mume wangu alizunguka ndani akigusa kila kitu. Mimi nilikuwa nimechoka kupanga chumba mtaani Manyatta, kugombania bomba na watu nisiowapenda, kwa hivyo nami niligusa.

Bei tulikuwa nayo. Kilichotukaba koo ni ushuru wa stempu, ile kodi ambayo mnunuzi huilipa serikali kabla hati haijaingia jina lake. Sisi tulikuwa tumepiga hesabu kwa bei tuliyopatana na muuzaji. Kumbe serikali ina mthamini wake, na akiona nyumba ina thamani zaidi, ushuru unafuata bei yake yeye. Akaja bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa. Alikanyaga vigae polepole, akafungua makabati moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa mmepata kitu safi kabisa," akasema.

Sijawahi kusikia sifa ghali kama hiyo. Ushuru ukapanda, na pesa pekee zilizobaki mkononi zilikuwa za mbao na mabati. Mume wangu alikuwa ameziweka ajenge kwao, karibu na Luanda Kotieno, kwa sababu kwa Wajaluo mwanamume mzima hazikwi kabla hajawa na nyumba yake mwenyewe katika boma la baba yake. Tulikaa kitandani tukitazamana. Kisha akampigia mama yake simu.

"Hiyo mnanunua ni ot," mama mkwe akasema. "Ni nyumba tu. Mimi nauliza dala. Nyumbani iko wapi?"

"Mama, nitajenga mwaka ujao."

"Sawa, baba. Na siku wanakuleta, hiyo nyumba ya town itakuja na gari gani?"

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilimwonea hasira yule mama kwa kututabiria mabaya. Tukalipa ushuru. Wakili alipotukabidhi hati alitupa mkono sote wawili akasema hongera, sasa mko nyumbani kwenu, na mume wangu akamshukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Tulikaa humo msimu mmoja wa mvua. Asubuhi moja presha ilimwangusha bafuni, na tulipofika hospitali alikuwa ameshakwisha.

Siku ya kumpeleka kwao, gari la maiti lilisimamishwa nje ya lango la boma. Ndani, shemeji zangu walikuwa wakichimba mashimo ya nguzo. Shemeji mkubwa alinifuata kwenye dirisha la gari, jasho linamchuruzika.

"Shemeji, vumilia kidogo. Hawezi ingia kama hana nyumba. Tunamaliza sai."

Kwa hiyo nikakaa kwenye jua pamoja na mume wangu, nikisikiliza nyundo. Nilijawa na ghadhabu hata machozi yakakataa. Niliichukia mila, nikamchukia mthamini na viatu vyake, na yeye mwenyewe pale ndani ya sanduku nikamchukia pia, kwa kusema mwaka ujao kana kwamba mwaka ni wa kwake. Waombolezaji walikuwa wamejaa kando ya barabara, wengine wakiuliza mbona haingii, na waliojua wakiwajibu kwa sauti ya chini ambayo niliisikia vizuri tu.

Walichojenga hakikuwa na dirisha. Nguzo zilikuwa mbichi, zinatoa utomvu, na mabati yalikuwa ya kuazima, yana matundu ya misumari ya paa la mtu mwingine. Walipoliingiza jeneza likagonga ukuta wa nyuma na bado mlango ulikuwa haufungi. Wakajaribu kulikingamisha, wakashindwa. Mwishowe wakaliweka hivyo hivyo, kichwa ndani kivulini, miguu nje juani.

Mama mkwe akaja, akasukuma watu, akapiga magoti penye miguu. Akavua leso yake ya kiunoni akaifunika ile sehemu iliyobaki nje, akaipapasa.

"Umejenga, baba," akamwambia. "Umejenga. Lala."

Nilitaka kupiga kelele kwamba hakujenga chochote. Lakini mama alikuwa akitabasamu, akitugeukia mmoja mmoja, akitaka tuitikie. Nikaitikia.