Mbegu Saba za Mgunga

Mwanamke wa nasari ya miti hapa Kitengela hatembei bila kikata kucha mfukoni. Ganda la mbegu ya mgunga iliyokomaa humshinda fukusi, mdudu mla mbegu, lakini maji nayo hayapenyi, kwa hiyo yeye hulikata kidogo ukingoni, mbegu moja moja, akinong'ona, "Pole, mama." Mwezi uliopita mzee Metito alimletea mbegu za mgunga wa boma lao, uliokauka kwa ukame. Fukusi walikuwa wameziingia zikiwa bado changa; saba tu ndizo zilikuwa nzima. Akashika ya kwanza, akaweka kikata kucha ukingoni, akakiondoa tena. Akampa mzee kikata kucha. "Mzee, kata wewe," akasema. "Mimi nitakuonyesha mahali." Sita zilichipua. Ya saba, mwanamke bado anaimwagilia maji.