Birika Lisiloepuliwa

Katika kiwanda cha nguo alikofuma baba miaka ishirini na sita, hakuna aliyepoteza pumzi kupiga kelele. Mashine zilinguruma mpaka sakafu ikatetemeka, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, wakitazamana usoni. Walitaniana hivyo, walisengenyana hivyo, na msimamizi alipita katikati yao asiambulie kitu.

Sasa masikio ya baba yalikuwa yamekwisha. La kulia lilikuwa kimya kabisa. La kushoto lilishika bado sauti ya binti yake wa mwisho, akimsogelea karibu. Na humo ndani mluzi haukukoma, mchana wala usiku.

"Ni birika, mama," alimwambia binti, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Limechemka miaka sita na hakuna wa kuliepua."

Siku ya mahojiano ya mafao ya ulemavu, cheti cha daktari kilikuwa tayari ndani ya bahasha. Kilichobaki ni afisa kujionea mwenyewe. Akikubali, baba angepumzika nyumbani. Akikataa, Jumatatu angerudi kwenye mashine, na sikio la kushoto likamalizikie huko.

"Usinisemee," baba alimwonya binti mlangoni. "Mimi si mtoto."

"Sawa, baba."

Afisa alikuwa mama mpole mwenye miwani, meza yake imejaa majalada. Alimtazama mzee usoni.

"Karibu, mzee. Umekuja kwa gari au kwa miguu?"

"Kwa miguu, mwanangu. Gari la nini na miguu ninayo?"

Afisa akacheka. Akauliza umri, kazi, usingizi. Baba hakukosea hata swali moja. Macho yake hayakubanduka kwenye midomo ya yule mama. Alikuwa kama yuko kazini, na raha ya kazi anayoijua ilimjaa usoni. Binti alimkanyaga chini ya meza. Baba akausogeza mguu, akaendelea kujibu.

Kisha afisa akainuka, akawapa mgongo, akawa anatafuta mhuri kabatini.

"Na huo mluzi, mzee, unakusumbua sana?"

Baba aliutazama mgongo wake kwa adabu, akitabasamu, akisubiri ageuke. Binti akafungua mdomo. Akakumbuka onyo la mlangoni. Akaufunga.

Afisa akarudi kuketi, akaandika. Binti aliyasoma maandishi kutoka upande wa pili wa meza: Anasikia mazungumzo ya kawaida. Kuhusu mluzi, hana malalamiko.

"Hasikii," binti akasema hatimaye. "Anasoma midomo yako."

"Mwanangu, watoto wote wanaoleta wazazi hapa husema hivyo," afisa alijibu kwa upole. "Nimezungumza naye mwenyewe." Akagonga mhuri: Imekataliwa.

Walipofika nje, baba alikuwa bado anatabasamu. "Umeona? Hakunishinda hata swali moja." Binti ndiye aliyelazimika kumwambia, kando ya barabara, mdomo kwenye sikio la kushoto, mara tatu.

Jumatatu alfajiri baba aliinama kufunga kamba za viatu. Alipoinuka, binti alikuwa amesimama mbele yake, chini ya taa.

"Nisamehe, baba," alisema, kwa midomo tu, bila sauti hata kidogo.

"Shusha sauti, mama," baba akanong'ona. "Mama yako bado amelala."