Mabaki Niliyomchumia Ustadh

Nilikuwa mtunza bustani katika nyumba moja kule Kitisuru. Chini kabisa ya kiwanja, karibu na kijito, palikuwa na majani yasiyokauka mwaka mzima, na hapo mabaki, ule mmea wa dawa ambao wengine huuita comfrey, yalijiotea yenyewe. Ukiyakata, mizizi huchipua tena. Ukiyaacha yanakufika kifuani, yakining'iniza vimaua vya zambarau. Watu wengi wa huku huyaponda wakayafunga kwenye kiungo kilichoteguka.

Nilipanga chumba Riruta, mlango kwa mlango na wazee wawili waliotoka Mombasa. Mzee alifundisha madrasa katikati ya jiji, na wapangaji wote wa ploti tulimwita ustadh. Mkewe mimi nilimwita mama. Kwetu ni magharibi, sina ndugu hapa jijini, na mwaka niliohamia nilipougua, yeye ndiye aliyeniuguza.

Siku moja ustadh aliteleza kwenye ngazi akateguka kifundo cha mguu. Mama akaniambia, "Mwanangu, nasikia huko kazini kwako yako mabaki. Niletee kidogo nimfunge mzee."

Jioni hiyo mvua ilikuwa ikinyesha nami nilitaka kuwahi nyumbani. Mabaki hayakuwa yamechanua bado. Nikainama, nikakata fungu zima kwa kisu, nikatia kwenye mfuko. Mama alipoupokea aliniombea dua mpaka nikaona haya.

Asubuhi nilirudi palepale kupalilia. Katikati ya vishina nilivyokata niliona majani yaliyobaki, na hayakuwa ya aina moja. Mabaki yana vinywele vinavyokwaruza mkono. Haya mengine yalikuwa laini kama kitambaa, na kingo zake zilikuwa na vijino vidogo vidogo. Nikayatambua. Bosi wangu alikuwa amepanda huko juu maua fulani marefu yenye umbo la kengele, na siku yangu ya kwanza alinionyesha akasema, "Haya kuwa makini nayo. Mtu akila majani yake, moyo unaweza kusimama." Mvua za misimu iliyopita zilikuwa zimeteremsha mbegu zake hadi kwenye mabaki, nami sikuwahi kuangalia.

Nikajipa moyo kwamba yalikuwa ya kufunga tu. Hata hivyo nikapiga simu. Mama akapokea mara ya tatu.

"Mama, yale majani mmeyafanyia nini?"

"Nilimfunga jana. Na leo nimemsagia mengine na nanasi, naambiwa yaunga mifupa. Kanywa kikombe kizima. Lakini mbona anatapika, mwanangu?"

"Usimpe kitu kingine. Mpeleke hospitali ya hapo karibu saa hii, mama. Mimi nakuja."

Sikumwambia kwa nini. Nikakata simu.

Nilichuma jani moja la kila aina, nikapanda bodaboda. Karibu na Adams Arcade barabara ilikuwa imefungana kabisa, hata pikipiki haikupata mwanya. Nikashuka nikakimbia, mkono mfukoni nisiyapoteze yale majani.

Hospitalini nilimkuta ustadh amelazwa kitandani, jasho likimtoka. Muuguzi alimshika kifundo cha mkono, akahesabu, akahesabu tena. "Mapigo yako chini sana," alimwambia daktari. Ustadh aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini ukuta umepakwa rangi ya manjano. Ukuta ulikuwa mweupe.

"Huenda ni nanasi," daktari alisema. "Lilikuwa limekaa?"

"Nililinunua jana," mama akajibu. "Labda lilikuwa bovu."

Nikanyamaza. Sitaficha hilo. Kwa muda wa pumzi mbili tatu niliona wazi kwamba nikifunga mdomo, lawama itabaki kwa nanasi. Kisha ustadh akatapika tena.

"Daktari, si nanasi," nikasema. "Ni mimi." Nikamwekea yale majani mawili mezani, nikaeleza yote.

Daktari alilishika lile laini, akaligeuza, akauliza alikunywa saa ngapi na kiasi gani. Hapo kila kitu kikaenda mbio. Wakamhamishia kwenye chumba chenye mashine ya kupima moyo. Akipita kando yangu daktari alisema, "Bora umesema. Na hata hayo mabaki yenyewe si ya kunywa."

Tuliketi kwenye benchi, mama akivuta tasbihi. Alipotoka kuswali alasiri ndipo aliponiuliza, bila kunitazama, "Tulipozungumza kwenye simu, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaninyamazia."

Akaanza tena kuvuta tasbihi.

Siku ya tatu mapigo yalirudi sawa. Ustadh akaniita kando ya kitanda, uso umemnywea lakini macho maangavu. "Mkono hukosea," alisema. "Kwa hilo nimekusamehe. La simu, muombe mama yako."

Nilimwomba. Aliniambia, "Nimesikia," basi. Kule kazini nilipata ruhusa ya bosi, nikang'oa maua ya kengele yote, ya juu na ya chini, nikachimba hadi mizizi.

Ustadh anatembea vizuri, na hunitania kwamba nilimfundisha kuona manjano kwenye ukuta mweupe. Mama aliendelea kuitikia salamu zangu bila kusimama kwa miezi kadhaa. Sasa husimama, tunaongea, hata hucheka. Lakini akiletewa chochote cha majani, hata mchicha wa sokoni, hulifungua fungu na kupitisha kidole kwenye kila jani. Nikiwa karibu, mimi hutazama pembeni mpaka amalize.