Namna Bwana Leonard Alivyohifadhi Mchezo Wake

Miye si mwandishi, na Miska mjukuu wangu analijua hilo. Nilisoma msahafu tu, kule Pemba. Lakini kanishikilia: "Bibi, andika habari za Bwana Leonard, wewe ndiye unayemjua." Haya, naandika. Asiyependa mwandiko wangu aangalie pembeni.

Leonard ni Muingereza, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Stratford, nchini kwao, mwaka wa ishirini sasa. Kazi yake kuigiza. Alianza kijana, kushika mkuki jukwaani, hana hata neno moja la kusema. Kwenye filamu kawa polisi, kawa mtumishi wa kufungua mlango, kawa maiti mara kumi na moja.

"Maiti mzuri hapumui, Bi Kulthum," hujisifu.

Mkewe alimwambia atafute kazi ya maana. Mke akaenda zake, kazi ikabaki.

Mwaka huu, na miaka yake sabini na nane, kapewa kuwa baba mtu katika mchezo wa jukwaani, maneno kurasa arubaini! Nikamkuta kakaa ngazini na makaratasi, uso umemshuka.

"Hayakai kichwani. Nisipoyajua mbele ya mwongozaji, watampa mwengine."

"Unasomaje?"

"Kwa macho, kimya."

"Ebo! Kimya? Nyanyuka, twende juu."

Nikamtia chuoni, kama watoto wanaosomeshwa msahafu, hapo hapo kwangu. Nikatandika mkeka, magoti yakamlia, lakini alikaa. Anasoma mstari kwa sauti, tunaukariri pamoja mara ishirini, tukiyumba mbele na nyuma kama tulivyohifadhi juzuu utotoni. Akikosea, namgusa kwa mwiko.

"Unanipiga, mwanamke!"

"Na bado. Rudia."

Wiki tatu hivyo. Nusu ya maneno sijui maana yake, lakini nayajua yote.

Siku ya kujaribiwa nikamfuata, nikakaa nyuma. Hakukosa hata neno. Ila mwili nao, masikini, ulishazoea: akayumba mwanzo mpaka mwisho! Nikajifunika mtandio. Nimemharibia.

Mwongozaji, binti mdogo tu, akasimama. "Huko kuyumba umekutoa wapi?"

"Kwa mwalimu wangu," akaninyooshea kidole.

"Usikuache. Baba huyu wa mchezoni ndivyo alivyo."

Sasa anacheza kila jioni mpaka mwisho wa mwezi, na viti vya mbele vitupu. Basi wewe uliyekwisha soma, nenda kakae mbele, na akianza kusema usikohoe.