Neno la Siri la Laptop ya Mama

Ilianza Ijumaa ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nakumbuka saa kwa sababu baba aliangalia simu yake akasema fundi wa kompyuta wa pale Salama hufungua saa tatu, kwa hivyo sina kisingizio.

"Utaenda wewe, mama," akaniambia. Huniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Mimi niko na ukuta wa mtu huko Malili. Mwambie tu inazunguka, inazunguka, haifiki."

Kilichokuwa kinazunguka ni vidoti kwenye kioo cha laptop ya mama. Mimi nasoma bweni huko Kitui, na muhula mzima hakuna mtu aliyeiwasha. Nilipoiwasha baada ya shule kufungwa, iliniambia mfumo wake umepitwa na wakati, ikaanza kujisasisha yenyewe bila kungoja jibu langu, ikafika katikati ikakwama. Siku mbili, vidoti tu.

Mama alifariki mwaka jana kabla ya mvua ndefu. Kanisani alikuwa akifundisha sauti ya pili kwenye kwaya. Wale akina mama wanakaa mbali mbali, mmoja huku, mwingine ng'ambo ya mto, na wengi hawasomi noti. Kwa hivyo mama alikuwa anaweka laptop kwenye meza ya jikoni na kujirekodi akiimba mstari mmoja mmoja, halafu anasema, "Rudia. Kwa sauti," kisha ananyamaza kidogo ili wao waimbe. Akimaliza anawatumia kwenye grupu la kwaya. Kulikuwa na nyimbo arobaini na kitu humo. Kwenye mmoja jogoo anawika, na katikati ya ubeti wa tatu mama anaacha kuimba, ananiita nilete maji kabla mboga haijaungua, halafu anaendelea pale pale alipoachia, kana kwamba hakuna kitu kimetokea.

Ananiita kwa jina la nyumbani. Hata humu siliandiki. Lilitokana na kile nilichokuwa nafanya kitandani mpaka nikiwa darasa la pili, na mama aliligeuza akalipa utamu, likabaki. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Hilo ndilo lilikuwa neno la siri la ile laptop.

Kila Jumapili nikiwa nyumbani baba hukaa kwenye kiti cha plastiki baada ya chakula na kusema, "Weka ile ya jogoo." Hasemi ile ya mama. Haimbi pia. Mama akinyamaza ili watu warudie, baba hungoja tu, ameinamisha kichwa, mpaka sauti irudi.

Sikuwahi kuzinakili mahali popote. Nilidhani kitu kilichomo nyumbani kiko salama kwa sababu kiko nyumbani.

Duka la fundi ni chumba kimoja kando ya barabara kuu. Lori likipita, vioo vya simu vilivyopangwa kwenye kaunta vinatetemeka. Nyuma ya kaunta kulikuwa na rafu ya laptop za watu, na juu ya kila kifuniko kipande cha tepu nyeupe: jina la mwenyewe, namba ya simu, na neno la siri. Yeye hufanya hivyo ili asipigie watu simu kila mara mashine ikizima na kuwaka. Kila mtu anayeingia anaweza kusoma.

Na walikuwa wanasoma. Wasichana wawili wa rika langu, waliokuja kupigwa picha za pasipoti, walikuwa wameegemea kaunta.

"Woi, cheki hii! 'Sweetie wa Malili'!"

"Ni ya nani?"

"Si ya yule mzee wa duka la mbolea? Na vile hukaa amekunja uso!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Fundi naye alicheka. "Wacheni siri za wateja," akasema, lakini hakuigeuza ile laptop. Mama mmoja aliyekuwa anangoja simu yake iwekwe kioo akasema, "Huyo mzee Jumapili tutamwangalia vizuri," wakaanza upya.

Ndipo fundi akanigeukia. "Haya, siste. Shida ni gani?"

"Inazunguka."

Akaiwasha, akaangalia vidoti, akatikisa kichwa. "Hii ilikatwa katikati ya kujisasisha. Inaweza kurudi, lakini itazima na kuwaka kama mara kumi, na kila mara itaniuliza paswadi." Akakata tepu, akaibandika kwenye kifuniko, akafungua kalamu ya wino. "Paswadi?"

Wale wasichana waliangalia tepu. Niliangalia tepu pia. Niliona akilini lile jina likiwa limeandikwa pale kwa wino mweusi, na wao wakilisoma kwa sauti.

"Sijui," nikasema. "Ni ya mama."

"Si umpigie basi."

Mngeona ni rahisi kusema. Mama alifariki. Maneno mawili. Lakini nilijua wangenyamaza wote, wangeniangalia, yule mama wa simu angesema pole sana mwanangu, na ningelia mbele ya watu nisiowajua. Nikatoa simu. Namba ya mama bado imo, sijaifuta. Nikaiweka sikioni bila kubonyeza kitu, nikahesabu polepole moyoni.

"Hachukui," nikasema.

"Basi hapo hakuna njia, ni kufuta yote niweke mfumo mpya. Itakuwa haraka kuliko mwanzo. Kuna kitu cha maana ndani?"

Uongo wa kwanza ulishauzaa wa pili, na sasa wa tatu ulikuwa mlangoni. Ningesema kuna kitu, angesema basi tungoje mama achukue simu. Saa ngapi? Nilichoona wakati ule ni kutoka tu pale.

"Hakuna," nikasema.

Niliiambia dunia nzima hivyo kuhusu mama yangu, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Saa kumi nilienda kuichukua. Ilikuwa inawaka upesi kweli. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya milima ya nchi fulani ya baridi, na hakuna kitu kingine. Nilifungua kila mahali. Niliporudi nyumbani niliiweka mezani nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Baba alirudi jua likiwa bado liko juu ya kilima, saruji kwenye nyusi. Akanawa, akavuta kiti.

"Imepona?"

"Imepona."

"Leo si Jumapili, lakini weka ile ya jogoo tusikie kama inasema vizuri."

Nilisimama pale. Halafu nilimwambia yote, mpaka ile simu ya uongo. Sikumwangalia. Nilifikiri atanipiga, na nilitaka anipige.

"Wale akina mama wa kwaya hawana?" akauliza.

"Walifuta. Simu zao zilijaa."

Akaifunga laptop polepole, kwa mikono miwili. "Kuna mtu wa kuleta mchanga huko Malili," akasema, "huniuliza kila mara, mama watoto yuko aje? Mimi husema yuko tu. Tangu mwaka jana, yuko tu." Akainuka akaenda kwa mbuzi, na hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi asubuhi sikungoja kutumwa. Nilifika Salama fundi akiwa bado anainua mlango wa mabati. Watu wanne walikuwa mbele yangu. Nilikaa kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika, na bado kuna watu nyuma yangu, nikasema, "Jana nilikudanganya. Mama yangu alifariki. Humo kulikuwa na sauti yake."

Duka likanyamaza, kama nilivyojua litanyamaza. Fundi akaweka chini bisibisi.

"Umeitumia tangu jana?"

"Nimeifungua tu. Sijaweka kitu."

"Usiiwashe tena. Nitajaribu, lakini siahidi kitu. Nilishaweka mfumo mpya juu yake." Akakata tepu. "Kikibaki chochote, kitauliza ile paswadi ya zamani. Kweli huijui?"

"Naijua."

Nikalisema. Lori lilikuwa linapita.

"Sijasikia," akasema fundi, kalamu juu ya tepu. "Rudia."

Nikarudia, kwa sauti.