Feza Niliyoifungia Sauti ya Mjomba Mabula

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi nimeyasahau. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuchimba dhahabu Rwamgasa, na nilichotoka nacho kule ni feza tu: kiboksi cha wapiga gitaa wa baa, kinachofanya sauti izunguke na kuyumba.

Mjomba wangu Mabula alikuwa ningi, kiongozi wa nyimbo katika ngoma yetu. Unajua mashindano yetu Wasukuma: vikundi viwili uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake. Jaji ni miguu ya watu. Wakikuhama, umeshindwa. Na watu hufuata maneno. Ningi hodari atakusema wewe na ukoo wako mpaka ucheke mwenyewe. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua mjomba. Alitaka ushindi wa mwisho, kisha apumzike.

Kulwa wa Kahama, mkodisha spika, namtaja kwa jina, ndiye aliyenitia ujinga. "Mzee wako amekauka. Mpitishe kwenye feza, atajaa uwanja mzima."

Asubuhi ya mashindano nilijaribu vifundo vyake: kasi ya kuyumba chini, kina cha kuyumba kidogo. Mjomba akaguna. "Mpwa wangu, chema chajiuza."

"Ni chumvi tu, mjomba."

"Haya. Ila usinipikie chumvi ukasahau mboga."

Ngoma ikaanza, watu tele kwetu. Kulwa akanipiga kiwiko: "Ongeza, hawajaisikia." Nikaongeza kasi. "Ongeza, unaogopa nini?" Nikazungusha kina mpaka kikagota, kisha mrejesho, ule unaoirudisha sauti ndani ya sauti. Mjomba ndiyo kwanza anamsema mpinzani wake aliyeoa kwa ng'ombe wa kuazima. Kikatoka kitu kama maji kwenye bomba bovu.

Bibi mmoja wa mbele akauliza, "Huyu anaimba au anasukutua?"

Wakacheka, wakaanza kuhama. Kukizima kile kiboksi ni kukikanyaga tu, mwanangu. Sikukikanyaga; nilimwonea aibu Kulwa. Mjomba akaweka kipaza sauti chini, akaimba kwa kifua chake kile kibovu, lakini vumbi lilikuwa limeshaelekea upande wa pili.

Jioni aliniambia neno moja: "Leo ndiyo mara ya kwanza watu kuuliza ninasema nini."

Hakuimba tena. Mvua zilizofuata tukamzika, na Kulwa hakutia mguu msibani. Sauti ya mjomba iliyobaki kwenye simu zetu ni ile ya siku ile. Wajukuu zake huniuliza babu alikuwa anaimba nini. Nawaimbia mimi, vibaya.

Basi nisikie. Feza si adui. Anza na kasi ndogo, kina kidogo, mrejesho uuache mwisho kabisa. Kila ukizungusha, mtazame bibi wa mbele: maneno yakimpotea, rudisha. Anayekwambia ongeza, muulize kwanza sauti ni ya nani. Na ukikosea, kanyaga, zima, aibu utaila baadaye.

Mungu akupe sikio kabla ya mkono, mwanangu, na siku ukiimba, aliye mbali akusikie kila neno.